Mwongozo wa Kumwokoa Mchapaji na Fonti Zako

Kuna watu wanaoamini kwamba fonti husafiri zenyewe. Wanaisanifu ripoti ya mwaka ofisini, wanaipamba mpaka saa mbili usiku, wanaitia kwenye fleshi na kuipeleka kwa mchapaji. Wakifika huko wanakuta vichwa vya habari vimebadilika sura, jedwali la mapato limemwagikia ukurasa wa pili, na orodha ya yaliyomo inadai sura ya tatu iko ukurasa wa 41 ilhali macho yanaiona ukurasa wa 44. Hapo lawama humwangukia kijana aliyekaa mbele ya kompyuta.

“Kaka, umeichezea kazi yangu.”

“Hapana mama, fonti yako huku haipo.”

“Haipo vipi, na jina lake si hili hapa juu linaonekana?”

Swali la mama ni zuri, na mwongozo huu umeandikwa kulijibu. Jina linaonekana kwa sababu faili la Word, lisipoamriwa vinginevyo, halibebi fonti. Linabeba jina lake tu. Likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo, programu huchukua nyingine iliyo karibu, huandika maneno yako kwa hiyo, kisha kwenye kisanduku cha juu huliacha jina lilelile la mwanzo. Mama anasoma jina la asiyekuwepo. Anayesema ukurasani ni mwingine kabisa.

Na tofauti haiishii kwenye sura. Kila herufi ina upana wake uliopimwa na kuandikwa ndani ya fonti. Herufi m ya fonti ngeni ikiwa pana kidogo kuliko ya ile uliyoichagua, mstari unapungukiwa neno moja. Maneno yaliyosukumwa chini yanazaa mstari wa ziada, mistari inazaa ukurasa, na jioni yako nzima ya kupanga kila picha ikae juu ya maelezo yake imekwenda na maji kwa sababu ya sehemu za milimita.

Msimamo wangu ni huu: kiolezo cha hati, kiwe cha jarida, cha tasnifu, cha ripoti au cha kadi za mchango, hakijakamilika mpaka fonti zake ziwe ndani yake au kando yake. Kumpa mtu kiolezo bila fonti ni kumpelekea mshoni picha ya gauni bila kitambaa. Atashona, maana ndiyo kazi yake, lakini atashonea kitambaa alicho nacho.

Ipime kabla ya kuipenda

Watu huchagua fonti kwa kuitazama ikiandika jina lake, na kila fonti hupendeza ikijiandika. Wewe iandikishe sentensi hii: “Rafiki wa ng’ambo hakufikiri kung’oa fimbo ya ng’ombe.” Haitashinda tuzo ya fasihi, ila imebeba mitego miwili ya lugha yetu.

Mtego wa kwanza ni ritifaa. Kiswahili hakidai vitone wala kofia juu ya irabu, na hiyo ni neema kubwa kwa mpanga kurasa. Lakini ng’ ni yetu, na ritifaa yake ni sehemu ya tahajia. Fonti nyingi za mapambo zina ritifaa pana isiyo na adabu: ukiandika ng’ombe, neno linapasuka, ng upande huu na ombe upande ule. Halafu ipo mikono inayobonyeza alama yoyote iliyo karibu na kidole. Mmoja anaandika ritifaa iliyonyooka, mwingine programu inampindia, wa tatu anachukua kile kialama kilicholala juu ya kitufe cha Tab. Kwa hesabu ya Unicode hizo ni alama tatu tofauti, U+0027, U+2019 na U+0060. Kitabu chenye zote tatu hakiwezi kutafutwa neno kwa uhakika. Amua moja. Kwa kazi ya kuchapwa, ile iliyopinda ndiyo yenye haki. Iandike kwenye maelezo ya kiolezo kama sheria, kisha zisake nyingine kwa amri ya kutafuta na kubadilisha mpaka ziishe.

Mtego wa pili umejificha ndani ya “rafiki”. Fonti nyingi za vitabu huziunganisha f na i kuwa umbo moja ili kichwa cha f kisigongane na kitone cha i. InDesign hufanya hivyo bila kuombwa, Word hungoja uiruhusu. Ni ufundi mzuri wa tangu enzi za herufi za risasi. Ubaya unakuja pale fonti ilipotengenezwa kwa haraka, umbo hilo likakosa maelezo ya ndani kwamba linasimamia herufi mbili. Jaribu hivi: tengeneza PDF, nakili neno “rafiki” kutoka humo, libandike kwenye ujumbe wa simu. Likitokea “raki”, au kisanduku tupu kikakaa katikati, iondoe fonti hiyo kwenye kompyuta yako leo hii. Lugha yenye safi, fikra, fitina na hafifu haiwezi kumudu hasara hiyo. Anayetafuta neno ndani ya hati halipati, na msomaji asiyeona, anayesomewa na kompyuta, anasikia neno lililokatwa kiuno.

Wanaochapa Kikuyu au Kikamba wazitazame ĩ na ũ kabla ya kitu kingine chochote. Fonti isiyo nazo huziazima kwa jirani, na neno moja linakuwa na herufi za unene tofauti. Wanaochapa tenzi kwa hati ya Kiarabu wana kazi kubwa zaidi: Kiarabu chenyewe hakina p, ch wala v, kwa hiyo Waswahili waliongeza alama, na fonti iliyotengenezwa kwa ajili ya Kiarabu pekee inaweza kukosa baadhi yake. Scheherazade New ya shirika la SIL ilitengenezwa kwa kuzikumbuka lugha za namna hiyo zilizo nje ya Kiarabu.

SIL hao hao ndio wenye Gentium na Charis, fonti imara za vitabu zenye herufi za lugha nyingi za Afrika, na Andika, yenye jina la Kiswahili kabisa, iliyochorwa kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma. Ndani yake I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 hazichanganyiki. Mwenye kutengeneza kiolezo cha vitabu vya darasa la kwanza aanzie hapo. Zote ni za bure.

Na katibu wa kamati ya harusi anayetaka kadi nzima iwe kwa mwandiko wenye mikia? Mpe mikia kwenye jina la bibi harusi na bwana harusi, basi. Tarehe, ukumbi na namba ya kupokelea mchango vibaki kwenye fonti inayosomeka na shangazi aliyeacha miwani nyumbani. Mchango ukienda kwa mtu mwingine kwa sababu 1 ilifanana na 7, mkia hautaurudisha.

Ukoo wa fonti unazozikuta

Miongozo mingi ya tasnifu vyuoni kwetu inadai Times New Roman, ukubwa 12, na wanafunzi wanaitii pasipo kujua wanaongozwa na gazeti. Fonti hiyo ilichorwa kwa ajili ya The Times la London chini ya usimamizi wa Stanley Morison, mchoraji akiwa Victor Lardent, na ikatokea gazetini kwa mara ya kwanza tarehe 3 Oktoba 1932. Imebana kidogo ili safu ya gazeti ibebe maneno mengi. Ilipoingia kwenye Windows 3.1 mwaka 1992 ikasambaa katika ofisi za dunia. Kwa kiolezo cha tasnifu bado ni chaguo la busara, kwa sababu karibu kila kompyuta ya Windows na ya Mac inayo.

Calibri ilichukua kiti cha fonti ya kuanzia ndani ya Word kwa toleo la 2007, na mwaka 2023 Microsoft ikaanza kuikabidhi Aptos kiti hicho. Hapa ndipo violezo vingi vya siku hizi vinapovunjika. Mwenye Word mpya anafungua ukurasa mweupe, anaandika, hajui kwamba anaandika kwa Aptos. Anamtumia mwenzake mwenye Word ya 2016, ambayo Aptos haiijui, na kurasa zinacheza. Hata penye Word mpya, baadhi ya fonti huletwa kwa intaneti pale tu zinapohitajika. Bando likiisha, haziji. Anayetengeneza kiolezo cha ofisi yenye matawi mikoani asiitegemee fonti inayosubiri mtandao.

Nisilipite hili: fonti hutoa ushahidi. Mwaka 2017 nchini Pakistan, wachunguzi walizitilia shaka hati zilizowasilishwa na familia ya Waziri Mkuu Nawaz Sharif zikiwa na tarehe ya Februari 2006, kwa sababu ziliandikwa kwa Calibri, fonti ambayo umma ulianza kuuziwa mwaka 2007. Dunia nzima ikajifunza jina la fonti kwa wiki moja.

Kusakinisha bila kubahatisha

Kwanza haki. Fonti ni kazi ya mtu, na ina leseni. Kununua kompyuta yenye Calibri hakukupi ruhusa ya kulinakili faili lake na kuligawa kwa wapiga chapa wa mji mzima. Tovuti zinazotangaza fonti za bure nyingi huandika pembeni, kwa herufi ndogo, kwamba ni kwa matumizi binafsi, na kitabu kinachouzwa si matumizi binafsi. Njia ya amani ni fonti zenye leseni huria ya SIL, ambayo toleo lake la 1.1 ni la mwaka 2007. Inakuruhusu kuitumia fonti kwa biashara, kuipachika kwenye hati, kuigawa pamoja na kiolezo, hata kuifanyia marekebisho, ili mradi huiuzi peke yake na toleo ulilolirekebisha hulifichi chini ya leseni nyingine. Sehemu kubwa ya mkusanyiko wa Google Fonts iko chini ya leseni hiyo. Folda ya kiolezo iwe na faili la leseni kando ya fonti. Ni ukurasa mmoja tu, na unamwepusha anayekuja baada yako na ugomvi.

Sasa pakua, fungua zipu, utazame kilichomo. Utaona huenda mafaili 18 ya fonti moja, na mkono utawashwa kuyasakinisha yote. Kwa kazi ya Word unahitaji manne: ya kawaida, ya mlazo, nzito, na nzito ya mlazo. Hayo manne lakini yote yawepo. Ukisakinisha la kawaida peke yake kisha ukabonyeza kitufe cha herufi nzito, Word haitakukatalia. Itazinenepesha herufi zilezile kwa nguvu, na itazilaza kwa kuzisukuma ubavuni. Jicho lililozoea uchapaji huziona hizo nzito bandia kutoka upande wa pili wa meza.

Kama ndani ya zipu kuna faili moja kubwa linalobeba unene wote kwa pamoja na folda nyingine ya mafaili moja moja, chukua hayo ya moja moja. Zile kubwa ni fonti badilifu, teknolojia iliyotangazwa mwaka 2016 na Apple, Google, Microsoft na Adobe kwa pamoja. Ni nzuri sana kwenye tovuti, na InDesign za karibuni zinazielewa, lakini Word bado huzishika kwa mashaka.

Kwenye Windows, funga Word kabla hujaanza. Bonyeza faili la fonti kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague kusakinisha kwa watumiaji wote. Usilichague lile la juu kwa mazoea. Tangu toleo la Windows 10 la mwishoni mwa 2018, usakinishaji wa kawaida huiweka fonti kwenye akaunti yako peke yako, na baadhi ya programu hazichungulii huko. Ndiyo maana fonti hukubali kwenye Word ikagoma kwenye programu nyingine, na mtu akaanza kuisakinisha tena na tena mpaka jioni. Kama toleo la zamani lipo, liondoe kwanza, maana fonti mbili zenye jina moja na vipimo tofauti ni chanzo cha vitimbi visivyo na mwisho. Kwenye Mac, bonyeza faili mara mbili na Font Book italikagua kabla ya kulipokea. Kwenye Linux, liweke kwenye folda ya .local/share/fonts iliyo nyumbani kwako, kisha endesha amri ya fc-cache -f.

Wenye LibreOffice wasijisikie wanyonge. Fonti za Liberation, zilizotolewa na Red Hat mwaka 2007, zina upana uleule wa Times New Roman, Arial na Courier New, herufi kwa herufi, na Carlito ina upana wa Calibri. Zikiwepo hizo, sura hubadilika kidogo lakini mistari hukatika palepale ilipokatikia. Kompyuta ya Linux isiyo na Carlito isipewe kiolezo cha Calibri.

Na mtu mwenye fonti 900 kwenye kompyuta moja? Anachelewesha kila programu inapofunguka, na akitafuta anayoitaka anateremka orodha mpaka kidole kinaingia ganzi. Aziondoe. Kama kati yake zimo za Type 1, zile zenye mafaili ya PFB na PFM, azihifadhi kwenye kumbukumbu na atafute mbadala: Adobe iliacha kuzikubali Januari 2023.

Fonti ikae kwenye mtindo, isikae kwenye vidole

Kiolezo kizuri kinaitaja fonti mahali pachache tu: kwenye mtindo wa matini ya kawaida na kwenye mitindo ya vichwa. Aliyetengeneza kiolezo kwa kuchagua maneno kwa kipanya, kuyapa fonti, kuyanenepesha na kuyakuza, kichwa baada ya kichwa, hajatengeneza kiolezo. Amepamba hati moja. Siku mkurugenzi akitaka fonti ibadilishwe, mwenye mitindo atabadilisha sehemu mbili na kwenda kunywa chai, na mwingine atakesha.

Adui mkubwa wa mitindo ni kubandika. Aya iliyonakiliwa kutoka tovuti au barua pepe huingia na fonti yake, ukubwa wake na mara nyingine hata rangi yake. Waandishi wako wafundishe jambo moja tu, kubandika matini tupu. Wakilishika hilo, nusu ya ugonjwa imepona.

Kusafirisha

Kama mpokeaji atahariri, nenda kwenye chaguo za Word, sehemu ya kuhifadhi, uweke alama ya kupachika fonti ndani ya faili. Kile kisanduku cha kupachika herufi zilizotumika tu kiache wazi, la sivyo mhariri akihitaji herufi ambayo wewe hukuitumia hataipata. Mafaili ya TTF hupachikika kwa uhakika kuliko ya OTF. Fahamu pia kwamba kila fonti hubeba ndani yake kauli ya mwenyewe kuhusu kupachikwa: ipo inayoruhusu yote, ipo inayoruhusu kuhariri, ipo ya kutazama na kuchapa tu, na ipo iliyokataa kabisa. Kwenye Windows kauli hiyo inasomeka katika maelezo ya sifa za faili. Fonti iliyokataa isiingie kwenye kiolezo cha kugawa, hata ikiwa nzuri namna gani.

Mwenye InDesign anayo amri ya kufunga kazi, inayokusanya hati, picha na fonti kwenye folda moja. Folda ndogo ya fonti ikikaa kando ya hati, InDesign ya mchapaji huisoma yenyewe bila kusakinisha kitu. Ila fonti za huduma ya Adobe Fonts hazikusanywi humo, kwa hiyo mwambie mchapaji mapema. Maneno yakitokea yamepigwa waridi nyuma yake, InDesign inakuambia fonti imekosekana. Isikilize.

Kama mpokeaji atachapa tu, mtumie PDF. Nasema hivi hasa kwa wanafunzi wa tasnifu wanaotembea na faili la Word kutoka steshenari moja hadi nyingine. PDF iliyotengenezwa vizuri hubeba fonti ndani yake, na kile kiwango cha kutunzia kumbukumbu, PDF/A, kilichopitishwa na ISO mwaka 2005, hudai kila fonti iwe imepachikwa. Word na LibreOffice zote zinaweza kuhifadhi kwa kiwango hicho, na chaguo lake liko kwenye dirisha lilelile unalohifadhia PDF.

Kwa hiyo kabla hujatuma kazi yako inayofuata, ifungue PDF hiyo kwenye Acrobat Reader, nenda kwenye sifa za hati, fungua kichupo cha fonti, usome orodha yote mpaka chini. Mbele ya kila jina lazima kuwe na maelezo kwamba fonti imepachikwa. Jina moja likikosa, usitume. Rudi, lipachike, ndipo umpigie mchapaji simu kumwambia kazi iko njiani.